Mafundi wa sare za kwaya: Bwana asifiwe ipimwe upande wa ndani wa gauni

Kwaya ikitaka sare mpya, fundi hatafutwi, anatajwa. Mmoja anasema, "Tumpe dada fulani, ni mpendwa mwenzetu," wengine wanaitikia amina, na kianzio kinatumwa kwa simu jioni ile ile. Hakuna aliyeuliza anashona magauni mangapi kwa siku, wala aliyegeuza nguo yake moja kuitazama ndani.

Tunaitathmini hapa huduma hiyo jinsi inavyotolewa katika miji ya Tanzania: kwa fundi wa mtaani mwenye cherehani moja au mbili, kwenye karakana za akina mama wa makanisa, na madukani ambako sare huuzwa zikiwa tayari. Hatumtaji mtu wala duka, kwa sababu fundi wa Machi si fundi wa Desemba, hata akiwa ni yule yule. Hukumu yetu tunaitanguliza: aya iliyobandikwa ukutani, kalenda ya usharika na nyimbo za injili redioni havijatusaidia hata mara moja kumjua fundi. Vilivyotusaidia ni vitatu: kitambaa kilichobaki, mshono usioonekana, na simu ya siku ambayo kazi imechelewa.

Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 9, hakuandikiwa neno hata moja alilolisema. Petro alipopanda orofani, wajane walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona. Wasifu wake wote ulikuwa mikononi mwao, na yeyote angeweza kuugeuza na kuukagua. Paulo, Akila na Prisila nao walikuwa mafundi wa mahema kule Korintho, kazi ambayo mshono ukiachia, mvua ndiyo inayomwambia mteja.

Tuanze na kitambaa, maana ndiyo hesabu ambayo mteja haijui na fundi anaijua.

Chukua kwaya ya watu 30, wanawake 18 na wanaume 12, sare ya kitenge. Kitenge cha kawaida kina upana wa karibu sentimita 115, na kipande cha yadi 6 ni mita 5.49. Gauni refu la mikono mifupi kwa mwili wa wastani linakula mita 3.3, shati la mikono mifupi mita 1.9. Kipande kimoja basi kinatoa gauni na shati, jumla mita 5.2, na zinabaki sentimita 29 za kunyooshea ncha na kufidia kitambaa kikirudi. Vipande 12 vinawamaliza wanaume wote na wanawake 12. Wanawake 6 waliobaki wanahitaji vipande 6 vingine, na kila kimoja kinabakiza mita 2.19. Jumla ni vipande 18, na masalio ni zaidi ya mita 13. Wenye miili mikubwa, ambao gauni lao hufika mita 4, wawekwe kwenye vipande hivyo 6 visivyogawana na shati. Hapo masalio yatapungua kidogo, lakini hakuna kipande cha kuongeza.

Hesabu hiyo inavunjika kitenge kikiwa na picha za upande mmoja, tuseme ndege wote wanatazama juu. Fundi hawezi kugeuza vipande vichwa chini miguu juu ili kubana nafasi, kwa hiyo gauni linapanda hadi mita 3.8 na shati halipati tena mahali pa kukaa. Magauni yanachukua vipande 18 peke yake, mashati yanakatwa mawili mawili kwenye vipande 6 vingine, jumla 24. Ndege wamewagharimu vipande 6. Fundi mwadilifu anasema hivyo kabla hamjaenda Kariakoo, tena kwa hasara yake, maana kwaya ikiogopa gharama inaweza kuahirisha kazi nzima.

Sasa zile mita 13 ni za nani? Ni za kwaya, na hapo hakuna mjadala. Tunachokitafuta ni fundi atakayezitaja kabla hajaulizwa: "Mwalimu, yamebaki masalio ya mita mbili mbili, vipande sita. Niwashonee vilemba na tai, au mnayachukua?" Sentensi moja tu, wala haina aya ya Biblia ndani yake. Fundi wa aina ya pili atasema kitenge kilikuwa chembamba, au "kilikula sana", na miezi miwili baadaye ndege wa kwaya wanaonekana kwenye mito ya viti vya saluni jirani. Walokole wa kwanza wa ule Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika Bukoba na Kenya walijulikana kwa kurudisha mali waliyoiiba na kulipa madeni ya zamani. Wangefundishwa ushonaji, mfuko wa masalio ungekuwa kitu cha kwanza kurudishwa.

Kitambaa kipimwe mbele ya fundi siku ya kukabidhi, kipande kwa kipande, na urefu uandikwe. Hilo linamlinda yeye kuliko ninyi, maana kipande kilichoandikwa yadi 6 huweza kuwa pungufu tangu dukani. Kisha kipande kimoja kiloweshwe maji usiku kucha, kianikwe kivulini, kipigwe pasi na kupimwa tena. Kikipungua sentimita 16, kimerudi kwa asilimia 3, na gauni la sentimita 140 litapanda sentimita 4 likifuliwa mara ya kwanza. Fundi anayeruka hatua hii anajua kabisa kitakachotokea. Anajua pia kwamba kitatokea nyumbani kwenu, baada ya salio kulipwa.

Kupima miili ndiko ulimi unakopimwa nao. Wanakwaya wamesimama foleni, fundi ana futi shingoni na daftari mezani. Yupo anayeita "kiuno mia moja na nne!" kwa sauti ya kusikika barabarani, kisha anaongeza, "Dada, punguza chapati." Wenzake wanacheka, dada anacheka nao, na Jumapili ya uzinduzi anatoa udhuru. Waefeso 4:29 inataka neno la kumfaa mwenye kuhitaji. Hapa mwenye kuhitaji anahitaji namba iandikwe kimya na pazia lifungwe. Fundi mwanamume anayewapima wanawake awe na msaidizi wa kike wa kushika futi kifuani na nyonga, au amwonyeshe mhusika namna ya kuishika mwenyewe. Wanaofanya hivyo hawahubiri juu ya heshima, wameweka tu kiti, pazia na msaidizi.

Vipimo vya gauni visipungue saba: bega, kifua, chini ya kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Kwa mwimbaji ongeza jambo moja ambalo mafundi wengi wa sare hulisahau. Chini ya kifua na kiuno vipimwe mtu akiwa amevuta pumzi hadi mwisho, kama anayejiandaa kwa noti ndefu, maana mbavu zinapanuka na gauni lililopimwa kwa mtu aliyetulia litambana ubeti wa pili. Kifuani ongeza sentimita 6 hadi 8 za nafasi, kwa kuwa kitenge hakivutiki.

Kwapa ndilo kosa tunalolikuta kuliko yote. Kwaya inapiga makofi, inainua mikono, inacheza. Fundi akiona mteja amebanwa anakata kwapa literemke zaidi, akidhani anampa nafasi. Kinyume chake ndicho kinachotokea: kwapa likishuka, mkono ukiinuliwa unavuta ubavu wote wa gauni, na pindo linapanda. Dawa ni kuacha kwapa juu, karibu na mwili, na kuupanua mkono wenyewe. Jaribu hivi siku ya kupima sampuli: inua mikono yote miwili wima. Pindo likipanda zaidi ya sentimita 5, gauni lirudi mezani. Hapo mtazame fundi usoni. Anayesema "wewe ndiye umesimama vibaya" amejibu swali ambalo hamkuwa mmemuuliza.

Sampuli moja ya gauni na moja ya shati zikamilike kabla mkasi haujagusa vipande vingine. Fundi anayekata sare zote 30 siku moja "ili kuokoa muda" akikosea kola, amekosea kola 12.

Tukifika upande wa ndani, hapa tutakaa kidogo.

Geuza gauni ndani nje, lilaze mezani penye mwanga. Nafasi ya kitambaa pembeni ya mshono, ubavuni, iwe sentimita 2.5. Hiyo ndiyo akiba ya mwanakwaya atakayejifungua, atakayenenepa, au atakayemwachia mwenzake sare akihama. Fundi anayebana kitambaa ili masalio yawe makubwa huacha chini ya sentimita 1, na kwa nje gauni linapendeza vile vile. Hesabu mishono kwenye inchi moja ya ubavu: 10 hadi 12 ni kazi nzuri. Ukikuta 6, ujue cherehani ilifunguliwa urefu wa milimita 4 ili kukimbiza kazi, na mshono huo utacheka siku mtu atakapoinama kuokota daftari la nyimbo. Vuta ubavu kwa mikono miwili, kwa nguvu ya kawaida. Uzi ukiachia meno ya mwanga, ama umelegezwa ama ni uzi wa zamani uliooza dukani, na uzi wa namna hiyo hukatika ukiuvuta kwa vidole bila hata kukata ngozi.

Kisha kingo. Kitenge huchanika nyuzi, kwa hiyo kingo zote zipigwe ovaloki, hata zilizofichwa chini ya bitana. Hasa hizo. Mafundi wawili wanaweza kukupa magauni yanayofanana kabisa ukiyatundika, mmoja amepiga ovaloki hadi chini ya bitana, mwingine ameishia pale jicho linapoishia. Bitana yenyewe iwe fupi kuliko gauni kwa sentimita 2 au 3, isishonwe kwenye pindo, la sivyo kitenge kikirudi na yenyewe isirudi, pindo litakunjamana. Mwanzo na mwisho wa zipu cherehani irudi nyuma mishono mitatu au minne. Vifungo vya shati viwe na uzi uliozungushwa shingoni kati ya kifungo na kitambaa, na fundi aambatanishe viwili vya akiba.

Haya yote mteja wa kawaida hayaoni, na hiyo ndiyo sababu tunayapa uzito. Mathayo 12 inasema kinywa cha mtu huyanena yaujazayo moyo wake. Kwa fundi, mikono nayo hunena, na mahali inaponena wazi kuliko pote ni chini ya bitana.

Halafu kuna "kesho". Mafundi wengi wanaocheleweshea watu kazi si matapeli. Ni watu wasioweza kusema hapana, wakaita udhaifu huo upole. Fanya nao hesabu mezani. Gauni lenye bitana ni saa 3 za cherehani, mara 18 ni saa 54. Shati ni saa 2 na nusu kwa sababu ya kola na vifungo, mara 12 ni saa 30. Jumla saa 84, kwa saa 8 za kazi ni siku 10 na nusu. Ongeza siku 2 za kukata na 2 za kujaribisha na kurekebisha, unakaribia siku 15 za kazi, yaani wiki mbili na nusu kwa fundi mmoja asiye na kazi nyingine. Desemba hakuna fundi asiye na kazi nyingine. Umeme nao hukatika, na fundi anayejua mtaa wake huuweka kwenye hesabu au ana cherehani ya kukanyaga pembeni. Fundi Msabato atawaambia mapema kwamba kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama mlango umefungwa, na akisema hivyo siku ya kwanza, mpeni alama, kwa sababu ametaja kikwazo kabla ya kianzio.

Anayejibu "wiki moja, Mungu akipenda" ameifanya aya kuwa mlango wa nyuma. Yakobo sura ya 4 inawaambia wafanyabiashara waliojipangia mwaka mzima na faida yake waseme Bwana akipenda, ili wapunguze majivuno ya mipango. Hapa inatumika kumwachia Mungu lawama ya magauni ambayo hayajakatwa. Mathayo 5:37 inataka ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo. Kwa lugha ya karakana: tarehe iliyoandikwa, na kazi zilizotangulia zenu zionekane kwenye daftari hilo hilo.

Uongo wenyewe una maneno yake, na ukiuzoea utaujua. "Imeshaisha, bado vifungo tu" mara nyingi maana yake ni kwamba imekatwa tu. "Nipo njiani" anaisemea kitandani. "Kijana ameondoka na ufunguo" inamgeuza mwanafunzi wake kuwa ngao. Dawa yetu ni ndogo: omba picha ya kazi ilipofikia, siku ya tano na siku ya kumi. Mwenye kazi mezani anapiga picha kwa dakika moja.

Na simu nzuri inasikika hivi, siku tatu kabla ya tarehe: "Mama Katibu, Bwana asifiwe. Naomba niseme ukweli. Mashati yote kumi na mawili yameisha. Magauni yameisha kumi na moja, saba bado. Mashine ya ovaloki iliharibika Jumanne. Jumamosi nitakuwa na kumi na matano, matatu yatafika Jumatano. Kama mnaimba Jumapili, niambie nianze na ya nani." Kazi imechelewa, ndiyo. Lakini angalia: namba zipo, sababu ni moja, hakuna aliyesingiziwa, na uamuzi umerudishwa kwa mwenye shughuli. Tungempa kazi tena bila kusita. Fundi aliyemaliza kwa wakati baada ya kuzima simu siku nne tungefikiria mara mbili.

Kigezo kingine kinaonekana mkikaa kwenye benchi nusu saa: jinsi anavyosema na vijana wanaojifunza kazi. Binti amepindisha mshono. Fundi mmoja anaurusha ule mkono wa gauni sakafuni na kumwita mzigo, sekunde kumi baada ya kuwaitikia ninyi "amina mpendwa". Mwingine anachukua kifumulio, anafumua sentimita kumi za kwanza yeye mwenyewe na kusema, "Tazama, ulivuta kitambaa. Acha meno ya mashine yakivute." Yakobo alishangaa kinywa kimoja kutoa baraka na laana. Angeketi kwenye benchi hilo asingeshangaa sana. Ulizeni pia, kwa adabu, vijana wanalipwa lini, maana sare iliyoshonwa na asiyelipwa huonekana kwenye ovaloki.

Sasa aina tatu za huduma. Fundi wa mtaani ndiye bora kwa kwaya isiyozidi watu 20 na kwa miili isiyo ya wastani. Udhaifu wake ni tarehe. Karakana za makanisa zina mashine nyingi na bei nafuu, lakini mshono hubadilika kutoka gauni hadi gauni kwa sababu wanafunzi ndio wanaoshona. Ombeni fundi mkuu akate vitambaa vyote yeye na asaini kila nguo aliyoikagua. Na msidhani kwamba kwa kuwa ni mali ya kanisa mnaweza kuacha kugeuza nguo. Sare za tayari, hasa majoho, zinaokoa wiki mbili, ila kwapa zake zimeshuka karibu zote, na rangi hiyo hiyo huwezi kuipata tena mwakani wakiongezeka wanakwaya.

Lawama si ya mafundi peke yao. Kwaya nazo zina "Mungu atakulipa" yake. Fundi anatajiwa bei, inashushwa kwa kuambiwa "ifanye kama huduma", kisha salio linasubiri sadaka ya Jumapili ambayo haikutosha. Mithali 20:14 inamjua mnunuzi huyo: haifai kitu, haifai kitu, asema, akiisha kwenda zake hujisifu. Anayetaka kushusha bei ashushe kazi: aondoe bitana, aondoe marinda, achague kitenge kisicho na ndege. Kumwambia fundi aende kwa amani huku ana kodi ya chumba na uzi wa mkopo ni ile aya ya Yakobo 2 inayosomwa kwa ajili ya watu wengine.

Kianzio kiwe nusu, kikilipwa baada ya sampuli kukubaliwa, na kiandikwe kwenye karatasi yenye tarehe, idadi ya nguo, idadi ya vipande vya kitambaa na nani anabeba gharama ya uzi, zipu na vifungo. Salio lilipwe pale pale siku ya kuchukua, baada ya kugeuza angalau gauni tano na mashati matatu mtakayoyachagua wenyewe, yasiwe yale aliyoyaweka juu. Likipungua, mtunza fedha ndiye apige simu, siku tatu kabla, na namba mkononi.